Magome ya Miombo katika Vitalu Vyembamba vya Tabora

Mtu anayefika Tabora katika mwezi wa Oktoba, mvua zikiwa hazijanyesha tangu Aprili au mwanzo wa Mei, na jua likiwa limesimama juu ya utosi wa mji barabara, hahitaji kuambiwa sababu ya wenyeji wake kupenda kivuli kuliko mapambo mengine yote ya makazi. Miembe mikubwa iliyosimama kando ya njia zake, ambayo asili yake hunasibishwa na misafara iliyotoka pwani, ni shahidi wa kwanza kwamba mji huu ulijengwa na watu waliokuja kukaa, kwani apandaye mwembe hatarajii kula embe zake mwaka ujao. Lakini chini ya miembe hiyo, pembezoni mwa kuta za nyumba, kati ya msingi na njia ya miguu, mna sehemu ya ardhi isiyokuwa na bahati hiyo: ni ule ukanda mwembamba, upana wake dhiraa moja au mbili, ambao mwenye nyumba ameukusudia uwe bustani, akapanda waridi au mrehani wakati wa mvua, na ifikapo Agosti hapana kilichosalia humo ila vijiti vikavu na udongo mgumu. Habari ya ukanda huo, pamoja na ya magome ya miti ambayo nchi hii ya Unyamwezi inayo kwa wingi, ndiyo ninayotaka kuzungumza na msomaji leo, maana naamini kwamba viwili hivi vimekaa ujirani miaka mingi bila ya mtu kuvikutanisha.

Bustani si jambo geni katika Tabora. Kazeh, kama Tabora ilivyoitwa zamani, ilipoanza kuwa kituo cha wafanyabiashara, kadiri ya mwaka 1852, watu kama Sheikh Snay bin Amir na Musa Mzuri, yule mfanyabiashara wa Kihindi aliyejulikana njia nzima, hawakuridhika kujenga ghala za pembe na nguo tu. Msafiri Mwingereza Burton, aliyefika hapo tarehe 7 Novemba 1857 pamoja na Speke, baada ya safari iliyoanza pwani mwezi wa Juni, aliyasifu maisha ya raha ya Waarabu wa Unyanyembe, nchi inayoizunguka Kazeh, na upana wa bustani zao. Na Stanley, aliyefika mwaka 1871, aliandika kwamba kuzunguka matembe yao walilima ngano kidogo, wakapanda michungwa, milimau, mipapai na miembe, na kwamba vitunguu, vitunguu saumu, pilipili, matango, nyanya na mabilingani viliweza kupatikana kutoka kwa wakubwa wao. Tembe la Kwihara, ambamo Livingstone alikaa hadi tarehe 25 Agosti 1872 alipoondoka kwa safari yake ya mwisho, linatunzwa hata leo, na mgeni akisimama mbele ya kuta zake nene hukumbuka kwamba nyumba hizo hazikuwa ngome peke yake, bali zilikuwa na mimea iliyotunzwa katika nchi ambayo karibu nusu ya mwaka haipati mvua.

Inapasa kusema wazi siri ya bustani zile, ili mapenzi ya historia yasitupofue. Zilinyweshwa kwa maji yaliyochotwa visimani na mikono ya watumwa, ambao hawakuulizwa kama walikuwa na nguvu wala kama walikuwa na wakati. Watumwa hao walipokwisha kuondoka, na biashara ile mbaya ya watu ikafa, bustani nyingi zilikufa pamoja nayo, ikasalia miembe, kwa sababu mzizi wake umekwenda chini kuliko ndoo. Leo maji ya Tabora hutoka mabwawani, Igombe na Kazima, na miaka ya karibuni yameletwa kwa mabomba toka Ziwa Victoria, jambo ambalo wazee wetu wangeliona kuwa ni shani. Lakini maji ya bomba yana dira na ankara, na mama wa nyumba anayeyalipia hana budi kufikiri mara mbili kabla ya kuyamwaga juu ya ardhi ambayo itayarudisha hewani kabla ya magharibi. Kwa hiyo swali la bustani katika mji huu, jana na leo, ni lile lile moja: ni kwa njia gani unyevu utakaa ardhini bila ya mtu kutumikishwa kwa ajili yake?

Jibu lake, kwa sehemu kubwa, liko msituni. Aingiaye katika miombo iliyosalia upande wa kusini mwa mji, au njia ya kwendea Sikonge, ataona kwamba ardhi ya msitu haiko wazi. Imefunikwa na majani, vijiti, maganda ya mbegu na vipande vya magome vilivyodondoka, na chini ya kifuniko hicho, pasipopitiwa na moto wa kiangazi, udongo ni laini na una giza. Miyombo na mitundu, miti mikuu ya msitu huo, hufanya jambo ambalo mimea yetu ya uani haiwezi kabisa: mwezi wa Septemba, mvua zikiwa bado mbali, huchipua majani mapya mekundu na ya rangi ya shaba, kana kwamba ina hakika ya wingu lisiloonekana. Bila ya shaka kina cha mizizi yake ndicho kiipacho miti uwezo huo, lakini kifuniko cha ardhi nacho kina sehemu yake katika kazi hiyo, na ndicho kitu tunachoweza kukiiga katika dhiraa mbili za ardhi iliyo chini ya dirisha.

Tena Mnyamwezi ni mjuzi wa gome kuliko watu wengi duniani. Kwa gome alitengeneza kamba za kufungia boriti za nyumba. Kwa gome alifanya kilindo, lile pipa la duara la kuhifadhia nafaka na nguo, na mengine yalikuwa makubwa hata mtu mzima aweza kujificha ndani yake. Na kwa gome hata leo wafugaji wa nyuki wa Tabora hutengeneza mizinga, wakilibandua zima, wakalikunja na kulishona kwa vijiti, wakalitundika juu ya mti. Asali ya Tabora, ambayo sifa yake imefika mbali kuliko mji wenyewe, imetoka kwa kiasi kikubwa katika mizinga ya namna hiyo. Basi si ajabu kumwambia mtu wa huku kwamba gome lina faida. Ajabu ni kwamba katika faida zote hizo ile ya kutandazwa juu ya udongo wa bustani haikupata kupewa nafasi, na sababu yake, nadhani, haikuwa ujinga, bali ni adabu.

Maana uwanja wa nyumba katika nchi hii, kama ilivyo pwani, sharti ufagiliwe. Kabla jua halijapanda, fagio la chelewa au la vijiti limekwisha kupita, na mistari yake yaonekana juu ya mchanga. Nyumba ambayo uwanja wake una majani yaliyozagaa ni nyumba inayosemwa. Desturi hii ina akili ndani yake: nyoka na nge huonekana upesi mahali palipo peupe, na mtoto anayetambaa hachomwi na kitu. Lakini fagio halina mpaka. Hufagia uwanja, likaingia na katika kitalu cha maua, likaondoa kila jani lililodondoka humo, na majani yote, ya uwanjani na ya kitaluni, hukusanywa kwenye pembe na kutiwa moto, hata asubuhi za kiangazi mji hufunikwa na moshi mwembamba wa majani ya miembe. Kinachochomwa ndicho chakula cha ardhi ile ile ambayo jioni itaombewa samadi ya kununua. Sisemi uwanja uachwe kufagiliwa, hasha. Nasema fagio lisimamishwe kwenye ukingo wa kitalu, na ndani ya ukingo huo msitu uruhusiwe kuingia kwa kipimo. Ndiyo maana nimependa vitalu vyembamba: kwa kuwa ni vyembamba na vina mipaka ya mawe au matofali, huweza kufunikwa bila ya uwanja kupoteza heshima yake, na jicho la mgeni halitaona takataka, bali litaona mpango.

Sasa gome hilo litoke wapi? Hapa nataka kuwa mkali kidogo. Lisitoke kwenye mti ulio hai. Mti unaobanduliwa gome lake pande zote hufa, kwa sababu njia ya kupelekea chakula kutoka majanini hata mizizini hupita ndani ya gome. Mtundu uliotoa mzinga mmoja aghalabu husimama mkavu baada ya misimu michache, na msitu wa Tabora, ambao umekwisha kuliwa na mkaa na kuni za kukaushia tumbaku, hauwezi kubeba mzigo mwingine kwa ajili ya maua yetu. Waganda wameneemeshwa mti uitwao mutuba, ambao gome lake hubanduliwa kwa kutengenezea nguo, ile iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa ni urithi wa wanadamu wote. Baada ya kubanduliwa shina hufungwa kwa majani ya migomba, na gome jingine huota. Miyombo yetu haina fadhila hiyo. Gome la bustani ni lile lililokwisha kutengana na mti kwa kazi nyingine, nalo lipo: katika kila kiwanja cha wapasua mbao mna marundo ya mabanzi, yaani zile pande za nje za gogo zinazotoka kwanza, na gome lake, likikaa juani majuma mawili matatu, huachia lenyewe na kudondoka. Mabanzi hununuliwa na mama lishe na wachoma matofali, na ni haki yao, kwani kuni ni kuni. Gome lililodondoka, ambalo hutoa moshi mwingi kuliko moto, hubaki chini likikanyagwa, na mara nyingi mwenye kiwanja hufurahi akipata mtu wa kumwondolea.

Ukilishika gome la mtundu mkononi utaona tabaka mbili: ya nje ya kijivu, ngumu, iliyopasukapasuka, na ya ndani nyekundu, yenye nyuzi, ile iliyokuwa ikifanya kamba. Ya ndani huoza upesi na hulisha. Ya nje hukaa na hufunika. Zote mbili zatakiwa. Hukatwa kwa panga juu ya gogo vipande vya ukubwa wa kiganja cha mtoto au chini ya hapo, si vikubwa vikaacha mianya, wala si unga, kwa sababu unga wa mbao ukinyeshewa hushikamana ukawa ganda ambalo maji hayapiti. Gome la mkaratusi lirundikwe kwanza, linyeshewe msimu mmoja, ndipo litumike, kwa kuwa likiwa bichi lina dawa ndani yake ambayo miche midogo haiipendi. Na maranda ya mafundi seremala yachukuliwe kwa hadhari: yakitoka kwenye mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia wadudu, yasiingie kabisa mahali panapopandwa mboga.

Katika nchi yetu watu wamejua tangu zamani kuipa ardhi majani. Wafipa wa Sumbawanga huzika nyasi ndani ya vilima vidogo viitwavyo ntumba. Wamatengo wa Mbinga hupanga nyasi katika miraba juu ya miteremko na kuzifunika kwa udongo, yakapatikana yale mashimo ya ngoro. Na Wahaya wa Bukoba, ambao wamekaa na mgomba kwa vizazi visivyohesabika, hubeba nyasi za rweya, ile mbuga yao ya wazi, wakazitandaza juu ya kibanja chao, yaani shamba la migomba, wala hawaziziki. Aliyeona njia hizi tatu atashawishika kudhani kwamba kuzika na kutandaza ni mamoja, na kwa nyasi tafauti yake huenda isiwe kubwa. Kwa gome ni kubwa sana. Vijidudu vya ardhini vinavyoozesha vitu vinahitaji naitrojeni, kama mmea unavyoihitaji, na gome lina kiasi kidogo mno cha naitrojeni: pale ambapo samadi ya ng'ombe ina sehemu moja ya naitrojeni kwa takriban sehemu ishirini za kaboni, gome lina moja kwa mia au zaidi. Ukilizika, vijidudu hivyo huzunguka mizizini kutafuta naitrojeni iliyopungua, vikaichukua ile ya mmea, na majani yakageuka manjano hata mwenye bustani akadhani amelogwa. Ukilitandaza juu, ugomvi huo hufanyika kwenye unene mdogo tu pale gome na udongo vinapogusana, na mizizi iliyo chini haina habari nao. Kwa hiyo utaratibu ni huu: kwanza samadi iliyoiva, ambayo ng'ombe wa Wasukuma na Wanyamwezi huitoa kwa wingi, ichanganywe na udongo, kisha maji, kisha gome juu, likae hapo hapo mpaka lioze lenyewe, na kila mwaka liongezwe lililopungua.

Siwezi kuiacha habari ya mchwa, kwa kuwa ndiyo hoja ya kwanza utakayosikia ukimshauri mtu wa Tabora afunike kitalu chake, na ni hoja ya haki. Nchi hii ina vichuguu vingi kuliko nyumba. Gome kavu lililowekwa ukutani ni daraja la mchwa kwenda kwenye fremu za milango na boriti za paa, na fundi yeyote aliyepata kubadilisha fremu iliyoliwa hatakusamehe ukimwambia kwamba haidhuru. Basi gome lisiguse ukuta. Kati ya ukuta na gome iachwe shubiri moja na zaidi, itiwe kokoto au iachwe wazi, ili njia za udongo ambazo mchwa hujenga zionekane na kuvunjwa siku ile ile. Na kamwe kitalu kisiinuliwe kikafunika sehemu ya juu ya msingi. Zaidi ya hapo mchwa hastahili kuogopwa kadiri anavyoogopwa. Katika nchi ya Burkina Faso, ambako ukame ni mkali kuliko wetu, wakulima wa eneo la Yatenga huweka samadi na majani katika mashimo yaitwayo zai, na mchwa wanaovutiwa na chakula hicho hutoboa ule udongo uliofungamana ukapitisha maji. Yacouba Sawadogo, mkulima aliyeiendeleza njia hiyo na kuotesha msitu mahali palipokuwa jangwa, alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2018. Mchwa wetu nao hupendelea kitu kikavu kuliko mzizi mbichi, na mara nyingi mimea inayoliwa ni ile iliyokwisha kudhoofika kwa kiu katika ardhi isiyokuwa na kitu kingine cha kula.

Mwezi wa Agosti, katika kitalu kimoja cha mjini kilichofunikwa tangu Aprili, niliinua vipande vichache kwa kidole. Tabaka ya juu ilikuwa imekauka na kupauka. Chini yake vipande vilikuwa vyeusi, vimeunganishwa kwa nyuzi nyeupe za kuvu nyembamba kuliko uzi wa kushonea. Chini ya hapo jongoo alijikunja. Na chini yake udongo ulikuwa na unyevu wa kutosha kushikamana ukifinywa, ingawa mwenye kitalu humwagia mara moja tu kwa juma. Hatua mbili kutoka hapo, nje ya mawe ya ukingo, udongo ulikuwa vumbi.

Lakini kitalu chembamba si shamba dogo. Kina sheria zake, na wengi hushindwa kwa kuzipuuza. Kwanza, udongo ulio kando ya ukuta mara nyingi si udongo: ni vifusi vya ujenzi, saruji iliyomwagika, vipande vya matofali na chokaa, na hakuna gome litakaloponya hayo. Sharti uchimbwe kina cha shubiri mbili, uchafu utolewe, urudishwe udongo mwema. Pili, upana wake ufuate mkono wa mtu. Kitalu kilichoegemea ukuta hufikiwa kwa upande mmoja, kwa hiyo kisizidi dhiraa moja na nusu. Kilicho wazi pande mbili chaweza kufika mara mbili ya hapo, kwani la muhimu ni kwamba hapana mguu utakaoingia ndani yake kukanyaga na kushindilia kile ambacho gome linajaribu kulainisha. Tatu, paa. Nyumba isiyokuwa na mfereji wa bati humwaga mvua yote ya Januari katika mstari mmoja, na mstari huo ukiangukia kitaluni huchimba shimo na kuyachukua magome mpaka barabarani. Na ndani ya mstari huo, chini ya upenu, mvua haifiki kabisa, ukawa kiangazi cha mwaka mzima. Ama mfereji utiwe, ama kitalu kianze nje ya mchirizi. Na mahali mchirizi unapoanguka ziwekwe kokoto.

Kuna na jambo la jua, ambalo wageni hukosea kwa kufuata vitabu vya nchi nyingine. Tabora iko nyuzi tano kusini ya ikweta. Tangu Machi hadi mwanzo wa Oktoba jua la mchana hupita upande wa kaskazini wa mji, yaani katika kiangazi chote, isipokuwa mwisho wake, ukuta unaoelekea kusini huwa na kivuli, na ule wa kaskazini huchomwa. Ukuta wa magharibi nao hupokea joto la alasiri na kulitoa usiku, hata mimea iliyo mbele yake haipati kupumzika. Basi mnanaa, mrehani, mchicha na waridi zipewe upande wa kusini au wa mashariki. Mchaichai, pilipili na mkomamanga uliopogolewa zitastahimili upande wa kaskazini. Na magharibi wapewe shubiri mwitu na jamaa zake wenye kuhifadhi maji katika majani, ambao huhitaji gome jembamba au kokoto tupu, kwa kuwa unyevu mwingi shinani huwaozesha. Usipande mwembe wala mpapai katika kitalu cha ukutani, hata kama mche umeupata bure. Mwembe utadai msingi wa nyumba kabla ya kutoa embe la kwanza.

Miche ipandwe kwa kupishana, kama herufi ya zeta, isiwe mstari mmoja wa askari. Kwa njia hiyo kitalu cha dhiraa moja na nusu hubeba safu mbili, ndefu nyuma na fupi mbele, na majani yake yakishakutana hufanya kivuli juu ya gome lenyewe. Mbegu ndogo, kama za mchicha, hazioti chini ya gome. Zioteshwe kwanza mahali pa wazi, na gome lisogezwe baada ya miche kufika urefu wa kidole. Unene wa gome uwe vidole vitatu au vinne, usizidi, maana likizidi hewa haipiti na nyoka hupata makao. Kuzunguka kila shina iachwe nafasi ya upana wa vidole vinne, kwa sababu shina lililozungukwa na kitu kibichi mchana na usiku huoza gome lake lenyewe. Na wakati wa kumwagia, anayetumia kopo la kunyunyizia atakuwa ameloanisha gome tu na kuuacha mmea na kiu. Asogeze gome kwa mkono, amwage polepole kwenye udongo, kisha alirudishe.

Wakati wa kutandaza ndio ambao watu hukosea kuliko yote. Gome haliumbi maji, hulinda yaliyopo. Lililotandazwa juu ya ardhi kavu huizuia mvua ya kwanza isishuke, na mwenye bustani akalaumu gome kwa ukame alioufungia ndani mwenyewe. Tabora hupata takriban milimita 900 hadi 1,000 za mvua kwa mwaka, na karibu zote huanguka kati ya Novemba na Aprili, kwa hiyo kuna nyakati mbili tu zilizo njema: mwezi wa Desemba, ardhi ikishalowana vizuri, au siku za mwisho za mvua za Aprili, na hii ya pili ndiyo yenye faida kubwa zaidi kwa mtu anayetaka kufika Oktoba na mimea hai.

Najua kwamba yapo mambo makubwa kuliko kitalu cha maua katika mkoa ambao misitu yake inapungua kila mwaka. Lakini nimeona pia kwamba mtoto aliyefundishwa nyumbani kwamba gome lililodondoka ni mali hatakuwa mwepesi wa kulibandua lililo juu ya mti, na shule za Tabora, ambazo nyingi zina majengo marefu yenye kuta ndefu na kanda za udongo mtupu chini ya madirisha, zingeweza kulifundisha jambo hili kwa vitendo bila ya gharama ila panga na mkokoteni. Nawasihi walimu wakuu walifikirie, na nawasihi wenye viwanja vya mbao wasiyachome magome yao kabla ya kuwauliza majirani. Anayetaka kuanza mwaka huu aende kwa wapasua mbao kabla mvua hazijaanza, akusanye magunia mawili matatu ya magome, ayakate magome hayo, ayarundike chini ya mwembe mbali na ukuta, na asitandaze hata kipande kimoja mpaka Desemba, ardhi itakapokuwa imeshiba.